Kibali cha kiwanja cha mpira wa wavu nyumbani kwako Pemba: anza na wenye miti

Ukitaka kumwaga sakafu ya kuchezea uani kwako hapa Pemba, usianzie ofisi ya ujenzi. Anza kwa kukaa na watu wenu, mjue nani ana haki gani juu ya kile kipande cha ardhi na juu ya kila kilichosimama ndani yake. Sisi kiwanja cha vijana wetu tumekimaliza, alhamdulillahi, na kilichotuchelewesha haikuwa saruji wala fedha. Ulikuwa mkarafuu mmoja.

Kila mtu wa visiwani anajua kuwa eneo moja huweza kuwa na wenyewe wawili, mmoja wa ardhi na mwengine wa miti. Bibi alipanda, au alipewa mnazi kwa hiba, ardhi ikauzwa na mti ukabaki wake. Hati ya mauziano inataja mipaka tu: mashariki kwa fulani, magharibi njia. Miti haimo. Na fomu ya maombi tuliyopewa ilitutaka tueleze hata idadi ya ghorofa, lakini haikuwa na mstari hata mmoja wa kuuliza miti. Suala hilo liliibuka siku ya ukaguzi, ada ikiwa imeshalipwa. Afisa aliuona mkarafuu katikati ya eneo, akauliza ni wa nani, na faili likasimama hapo hapo. Wenyewe ni warithi wa dada yake bibi, baadhi yao wako Unguja, wengine Tanga, mmoja Muscat. Liliniuma sana, kwa sababu swali lile lingeulizwa dirishani siku ya kwanza, tungekuwa tumeshalijibu.

Basi fanya hivi kabla ya jambo lolote jengine. Zunguka eneo na mzee anayejua historia yake, andika kila mti na mwenyewe. Mnazi au mwembe wa mtu, mwendee kwa heshima, mkubaliane fidia, muandikishane mbele ya sheha na mashahidi wa pande zote mbili. Kama wenyewe ni warithi wengi, subiri Idi, wakati watu wanarudi nyumbani. Saini utakazozipata katika siku mbili za sikukuu, kwa simu utazitafuta mpaka uchoke. Ama mkarafuu, hata ukiwa wako mwenyewe, kuukata bila ya kibali ni kosa kisheria. Usimruhusu fundi aushike.

Sisi hatukuukata. Tuligeuza ramani. Kiwanja cha mpira wa wavu ni mita 18 kwa 9, na ukiacha mita 3 kila upande za kukimbilia unahitaji 24 kwa 15. Bora urefu uelekee kaskazini na kusini, jua la alasiri lisimpige mchezaji machoni. Tulikipindisha kidogo tu kutoka mwelekeo huo, na mkarafuu ukabaki nje, mbali vya kutosha mizizi yake isije kupasua zege. Kama eneo halifiki, usiulazimishe wavu: mpira wa kikapu wa watatu kwa watatu unatosha mita 15 kwa 11.

Ardhi ikiwa bado ina jina la marehemu, malizeni mirathi kwanza, Mahkama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hapana njia ya mkato hapo. Kisha barua ya sheha, vitambulisho, nakala za hati, hayo unayajua.

Ramani ndiyo inayorudishwa mara nyingi, na sababu ni maji. Pemba ni vilima na mabonde, na jirani yako wa chini ndiye atakayepokea mvua yako. Hesabu mwenyewe: sakafu ya mita 24 kwa 15 ni mita za mraba 360, na mvua ya milimita 50 juu yake ni lita 18,000. Maji hayo zamani yalizama ardhini. Sasa yatateremka yote. Mwambie mchoraji aonyeshe mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea upande mmoja, mtaro wa pembeni, na shimo la kunyonya maji lililo ndani ya mpaka wako. Halafu mchukue jirani wa chini ukamwonyeshe pale pale uwanjani, na saini yake iambatane na ramani. Hata kama ofisini hawakuiomba, ipeleke. Maji yakiingia chumbani kwa mtu, kibali chako hakitarudisha ujirani.

Ada lipa kwa namba ya malipo uliyopewa, risiti ihifadhi. Asiwepo mtu wa kukupokelea mkononi. Mchanga nunua wenye kibali, na karatasi yake iwe kwenye gari. Zege usilimwage masika.

Taa za usiku ni ombi jengine, kwa shirika la umeme. Kabla ya kuliandika, zungumza na imamu wa msikiti wa karibu na majirani juu ya saa za kucheza, mpange mpira usimame kuanzia adhana ya Magharibi mpaka watu watoke Isha. Sheha wetu aliulizia jambo hilo, na tulikuwa na jibu.

Kibali kikitoka, piga nakala tatu: moja kwako, moja kwa sheha, moja mkononi mwa fundi. Mkaguzi anaweza kufika wakati wewe haupo, na fundi asiye na karatasi husimamishwa hata kama zege limeshachanganywa.