Kabla ya kuhamisha resori (springi) na amotisere kutoka Prado moja hadi nyingine

Ukiingia Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, ukaulizia amotisere ya Prado, ile ambayo jirani zetu wa Tanzania wanaiita shokapu, muuzaji anakuuliza jambo moja tu: ya mbele au ya nyuma? Kisha anaishusha na bei inaanza. Ndugu zangu, msitoe pesa hapo. Prado ya mfululizo wa 90, iliyotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2002, ilitoka kwa namna nyingi: milango mitatu na mitano, petroli na dizeli, usukani wa kushoto na wa kulia. Kwa nje zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Chini, kila moja ilipimiwa uzito wake.

Anza na kibati cha namba kilicho chini ya boneti. KZJ95 ni gari refu la milango mitano lenye injini ya dizeli ya 1KZ. KZJ90 ni injini hiyohiyo kwenye gari fupi. RZJ95 ni refu la petroli ya lita 2.7. Piga picha ya kibati chako uende nayo, umuulize muuzaji piesi yake ya okazio, yaani iliyokwisha tumika, ilifunguliwa kwenye gari la namba gani. Asipojua, itabidi upime mwenyewe, kwa hiyo nenda pia na futi na ile piesi yako ya zamani.

Resori za mbele ndizo zinazoponza watu wengi, kwa sababu zinaingia mahali pake bila kelele hata kama si zake. Dizeli ni nzito kuliko petroli ya 2.7, na resori zake zina nguvu zaidi. Mimi nilifungiwa za petroli kwenye dizeli yangu. Gari liliposhuka kwenye kriki (jeki), pua ilikuwa imeinama vidole viwili. Fundi akaniambia, “Papa, itazoea tu.” Resori haizoei. Kwenye njia ya kwenda mji wa Sake, kila shimo lilifanya gomu la kuzuia ligonge chuma, na niliporudi nikakuta kinga ya chini ya injini ina mkwaruzo mpya, mweupe, mrefu kama mkono, wa mawe yetu ya volkano. Nililipa kazi ileile mara ya pili.

Kwa hiyo zisimamishe resori mbili kwenye sakafu iliyonyooka, ya zamani na hiyo unayotaka kununua. Hesabu mizunguko, pima unene wa waya. Urefu peke yake hudanganya: resori fupi ya waya mnene inaweza kubeba kuliko ndefu ya waya mwembamba. Angalia pia alama za rangi, maana baadhi ya gari hizi zina resori za mbele zisizolingana kushoto na kulia. Hapa mjini kwetu, ambako usukani wa kulia na wa kushoto unapishana barabara moja, alama hizo si za kupuuza.

Amotisere ipime ikiwa imefungwa kabisa, kisha ikiwa imenyooka kabisa. Ikiwa ndefu mno nyuma, ekseli itashuka mpaka ivute mpira wa breki, na resori italegea kwenye kikalio chake. Ikiwa fupi mno, yenyewe ndiyo itakayobeba kila kipigo hadi ipasuke. Na kama amotisere zako zina waya wa umeme juu, gari lako linarekebisha ugumu kwa swichi. Za kawaida hazitafanya kazi hiyo, uamue mapema kama unakubali kuikosa.

Habari njema ni kwamba Hilux Surf ya miaka hiyohiyo, ile ya 185, inashirikiana na Prado 90 sehemu nyingi za mbele. Unapata mahali pa pili pa kutafuta.

Lakini rotili ya chini, ile boljointi inayounganisha gurudumu na mkono wa chini, tafadhali, usinunue ya okazio. Kwenye gari hizi mbili uzito unaivuta kuichomoa, haukai juu yake kuikandamiza. Ikiisha, inachomoka, na gurudumu linalala chini ya gari ukiwa mwendoni. Nunua mpya, ya kushoto kwa kushoto na ya kulia kwa kulia, kwa sababu hazibadilishani, na bolti zake nne ziwe mpya.

Siku ya kazi, hakikisha garaji ina kifaa cha kubana resori. Kamba na waya wa kufungia havitoshi. Resori iliyobanwa ikiponyoka inaua. Badilisha pande zote mbili kwa pamoja. Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zisikazwe gari likiwa hewani: ziwekwe tu, gari lishushwe likanyage kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Ukikaza juu, mpira unabaki umejipinda siku zote na utachanika mapema. Mafundi wengi wanaruka hatua hii, basi simama hapo uione kwa macho yako.

Baadaye fanya paralelisimu, yaani kunyoosha magurudumu (alaimenti), kisha kagua bolti zote tena baada ya siku chache. Piesi za zamani usiziache garajini siku hiyo. Zifunge kwenye gunia, zikae nyuma ya gari mpaka umekwenda Sake na kurudi.