Kabla Hujawapeleka Wanafunzi Kwenye Kimondo cha Mbozi

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanafunzi Mbozi, kusini magharibi mwa Tanzania, tuliamka saa kumi usiku, tukafika mchana, na tukakaa kwenye kimondo dakika 20. Walikizunguka, wakakipapasa, wakapiga picha, kisha msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza akanigeukia: "Mwalimu, ndiyo hiki tu?" Swali lake lilikuwa la haki. Tulikuwa tumepanga basi, chakula na michango ya wazazi. Somo lenyewe hatukulipanga. Kimondo hakijielezi, na mtoto asiyeandaliwa huona pande la chuma juu ya msingi wa zege, basi.

Tangu hapo maandalizi yangu huanza darasani, wiki tatu kabla ya safari, na huanza na neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunasema kimondo kwa mwanga unaopita angani usiku, na tunasema kimondo kwa jiwe lililokwisha kuanguka. Watoto wengi wamesikia pia nyumbani kwamba ni kinga cha moto wanachotupiwa mashetani. Usiwakemee. Waache waeleze walichosikia, kisha mchore pamoja safari nzima ubaoni: kipande cha mwamba au chuma kikizunguka jua, kinaingia kwenye hewa yetu kwa kasi isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde, kinawaka, na kikiwa kikubwa vya kutosha, kilichosalia kinafika ardhini. Mtoto aliyechora mwenyewe mchoro huu hatauliza "ndiyo hiki tu".

Kisha wape maelezo ya kimondo chao. Urefu wake ni mita 3 hivi, kimo mita 1, na uzito unakadiriwa kuwa tani 16. Zaidi ya asilimia 90 ni chuma na zaidi ya asilimia 8 ni nikeli. Wenyeji walikijua kwa muda mrefu. Dunia ya wanasayansi ilikisikia mwaka 1930. Sehemu yake kubwa ilikuwa imefukiwa ardhini, wakachimba pembeni, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, na nguzo hiyo ndiyo iliyojengewa zege. Shimo la kuanguka kwake halionekani popote, jambo linaloonyesha kwamba kilianguka maelfu mengi ya miaka iliyopita na mvua na udongo vimefuta alama.

Hiyo nikeli uikazie. Chuma tunachochimba ardhini kwa kawaida kimeungana na oksijeni. Ni nadra sana kukuta pande la chuma tupu lenye nikeli ndani yake. Lakini kiini cha dunia, kuanzia kilomita 2,900 hivi chini ya miguu yetu, ni chuma na nikeli. Hatuna mashine ya kufika huko. Vimondo vya chuma vinadhaniwa kutoka kwenye viini vya sayari ndogo zilizovunjika zamani, kwa hiyo mtoto anayeweka kiganja pale Mbozi anagusa kitu cha jamii ya kile kilichoko katikati ya dunia. Mimi mwenyewe kila nikilieleza hili nasisimka, na darasa huliona hilo.

Jambo linalonipa matunda kuliko yote ni hesabu moja ndogo. Siku tatu kabla ya safari, waambie wachukulie kimondo kuwa boksi la mita 3 kwa 1 kwa 1. Ujazo wake ni mita 3 za ujazo. Densiti ya chuma ni karibu tani 7.9 kwa kila mita moja ya ujazo. Wazidishe: inakuja zaidi ya tani 23. Mbona wataalamu wanasema 16? Usiwajibu. Waache wabishane, wengine watasema vitabu vimekosea, wengine watasema ndani kuna uwazi. Waende Mbozi na hilo swali. Mwaka jana kijana mmoja alichuchumaa upande ule uliochongoka, akapitisha kamba mara tatu sehemu tatu tofauti, akanyanyuka akapiga kelele: "Kinapungua! Siyo boksi!" Waliobaki wakaacha simu zao wakaja kupima.

Kwa hiyo vifaa ni vichache: futi kamba moja kwa kila kundi, uzi mrefu kwa sehemu zenye mikunjo, dira, daftari, penseli, na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa ili isikwaruze. Mwombe mwongoza wageni ruhusa kabla ya kutoa sumaku. Nyundo, tindo na misumari vibaki shuleni. Upande mmoja wa kimondo utaona mapengo ya watu waliokuwa wakikata vipande vya kumbukumbu. Waonyeshe wanafunzi mapengo hayo na waeleze kwamba kile ni mali ya taifa inayolindwa kisheria.

Nyenzo za mtandaoni zipakue mapema, shuleni au popote penye intaneti ya uhakika, kwa sababu bando la mwalimu mmoja halitoshi basi zima. Programu ya Stellarium ni ya bure na ukishaiweka kwenye kompyuta inafanya kazi bila mtandao. Itumie kuwaonyesha anga la usiku wa mkoa wenu. Kwenye hifadhidata ya Meteoritical Bulletin, orodha ya vimondo vya dunia nzima iliyo wazi kwa kila mtu, tafuta kwa tahajia ya "Mbosi", kwa s, maana ndivyo kilivyosajiliwa. Halafu watafute Ivuna. Hapo huwa nasimama kwa muda. Ivuna ni kimondo kidogo, gramu 700 na kidogo, kilichoanguka tarehe 16 Desemba 1938 katika pande hizo hizo za kusini magharibi mwa Tanzania, na kundi zima la vimondo, CI, limepewa jina lake na wanasayansi. Hiyo I ni ya Ivuna. Japani ilipoleta duniani vumbi la sayari ndogo ya Ryugu Desemba 2020, uchunguzi ulionyesha linafanana sana na kundi hilo.

Darasa likishapata moto, liandikishe kwenye kampeni za International Astronomical Search Collaboration. Ni bure. Vikundi vya wanafunzi hupewa picha za darubini ya Pan-STARRS iliyoko Hawaii na kutafuta sayari ndogo ambazo hazijasajiliwa. Kinachohitajika ni kompyuta yenye Windows, intaneti ya kupakulia picha, na mwalimu mwenye subira. Omba nafasi mapema, kabla hata ya safari, ili mkirudi kazi iwe inawasubiri.

Mengine ni ya kawaida ila yasipuuzwe: kibali cha mkuu wa shule na cha ofisi ya elimu ya halmashauri, ruhusa ya wazazi kwa maandishi, orodha ya wenye pumu na dawa zao, mwalimu wa kike na wa kiume. Piga simu kituo cha kimondo kuuliza kiingilio cha wanafunzi na kama mwongoza wageni atakuwepo. Epuka miezi ya mvua kubwa. Barabara ya Mbeya kwenda Tunduma ina malori mengi, hivyo dereva asiendeshwe na haraka yenu, ondokeni mapema. Juni na Julai baridi ya nyanda za juu inauma, kila mtoto awe na sweta. Mkiweza kulenga tarehe 30 Juni ni vizuri zaidi, kwani Umoja wa Mataifa umeitenga kuwa siku ya kuelimisha watu kuhusu sayari ndogo, kukumbuka mlipuko wa jiwe la angani huko Tunguska, Siberia, mwaka 1908.

Jioni ya kuamkia safari, gawa makundi na umpe kila mtoto swali lake moja kwenye karatasi. Mkifika, simu zikae mifukoni nusu saa ya kwanza. Wapime kwanza, picha zitapigwa baadaye.