Jinsi ya kumjua chui milia bila kutoka nyumbani: unahitaji paka, chaki, mchanga na mchele wa basmati

Mpwa wangu yuko darasa la nne, juzi kati karudi shule amenuna, nikamuuliza kulikoni akanionyesha daftari. Kachora mnyama wa rangi ya chungwa ana milia myeusi mwili mzima, mzuri tu, chini kaandika CHUI, na mwalimu kapiga eksi nyekundu pembeni kaandika "chui ana madoa". Sasa mwalimu yuko sahihi na mtoto naye yuko sahihi nusu, shida ni jina tu. Chui wetu huyu wa Mikumi na Serengeti ana madoa kweli. Wa milia ni mwingine kabisa, anaitwa chui milia, wengine wanamwita simbamarara, na mtaani watu wengi wanasema tu taiga na maisha yanaendelea.

Huyo porini kwetu hayupo. Hata ukae Serengeti miaka mia na darubini shingoni hutamwona, maana makazi yake ni Asia: India ndio wapo wengi zaidi, alafu Nepal, Bhutan, Bangladesh, Thailand, Malaysia, kisiwa cha Sumatra kule Indonesia, na wengine wako Urusi ya mashariki wanatembea kwenye theluji. Basi mimi na mpwa wangu tukakaa wikiendi nzima uani kwa bibi yake tunamsoma huyu mnyama kwa vitu vya nyumbani, na nimeandika hapa ili na nyie wadogo zangu mfanye. Tafuta chaki, futi ya fundi cherehani, mchanga laini, karatasi na rangi, simu yenye kamera (omba ruhusa), na paka mmoja mwenye roho nzuri. Mchele wa basmati uache kwanza jikoni, kazi yake inakuja mwishoni.

Anza na ukubwa wake, maana ukiambiwa tu "ni mkubwa" haikuingii. Chukua chaki nenda kwenye sakafu ya nje pima mita 3 piga mstari, huyo ndio dume la chui milia wa Bengal (yule wa India na majirani zake) kuanzia pua mpaka ncha ya mkia, na katika hizo mita 3 mkia peke yake ni kama mita moja hivi. Sisi tulikuwa tunabishana nikamwambia mzee wa bajaji wa jirani apaki pembeni ya mstari, bajaji haikufika! Bajaji ya kawaida ina mita 2 na sentimita 60 na kitu. Kimo begani ni karibu mita moja, yaani mtoto wa darasa la nne akisimama naye mgongo wa chui milia unamfika kifuani huko. Uzito sasa, fikiria mifuko ya saruji ya kilo 50, minne mpaka mitano, ndio dume lililoshiba. Na huyu huyu anazaliwa na kilo moja tu hivi, kama mfuko wa sukari wa dukani, tena macho yamefumba haoni kitu, mama anamlea miaka miwili hivi ndio anajitegemea. Chora na kitoto pembeni ya mama yake, inapendeza.

Mguu wake usiuchore kwanza. Chukua kisosi cha chai ukigeuze juu ya sakafu uzungushie chaki, wayo wa mbele wa dume ni karibu na hapo hapo.

Hapo sasa ndio tunamwita paka. Tandaza mchanga laini, unyunyizie maji kidogo tu ushikane, weka dagaa upande wa pili, kaa kimya. Paka akipita piga magoti uangalie nyayo kwa karibu kabisa: utaona vidole vinne vya mviringo na nyuma yao alama moja kubwa ya kiganja, na ukingo wa nyuma wa hiyo alama una mabonde, unakatika vipande vitatu. Kucha hakuna. Akipita mbwa utaona vidoti vya kucha mbele ya vidole maana yeye hawezi kuzirudisha ndani, paka anazificha zisichakae, na chui milia anafanya vile vile. Kwa hiyo wayo wa paka wako ukiukuza mpaka utoshe kisosi umepata wayo wa chui milia, sitanii. Wanaofuatilia nyayo misituni wanaenda mbali zaidi, wanaangalia umbo: wayo wa dume unaelekea kuwa mraba, wa jike umerefuka kidogo na vidole vyembamba.

India walikuwa wanahesabu chui milia wote kwa nyayo, walinzi wanatembea asubuhi wanachora kila wayo wanaoukuta, na miaka mingi watu waliamini hesabu ile. Kumbe wayo unadanganya, mnyama mmoja akikanyaga tope na akakanyaga mchanga mkavu anaonekana wawili. Kuna hifadhi inaitwa Sariska iko jimbo la Rajasthan, makaratasi yalikuwa yanasema wapo tu, ilipofika mwaka 2005 watu wakaenda kuwatafuta kweli kweli hawakukuta hata mmoja, majangili walikuwa wamewamaliza. Ilikuwa aibu ya nchi nzima. Mwaka 2008 wakaanza kuwaleta wengine kutoka hifadhi ya Ranthambore, na kuhesabu wakahamia kwenye kamera, ndio maana hatua inayofuata ni milia.

Chora chui milia wawili kwenye karatasi, rangi ya chungwa kwanza alafu milia. Mtego upo hapa: watoto wengi wanapenda kukunja karatasi ili rangi igande pande zote mbili zifanane, usifanye hivyo, maana milia ya ubavu wa kushoto haifanani na ya kulia hata kidogo. Na hakuna chui milia wawili duniani wenye milia sawa, ni kama alama za vidole vyako. Hata ukimnyoa manyoya yote (nani atamshika lakini) milia utaikuta kwenye ngozi. Sasa cheza hivi, kila mtu achore wa kwake, upande wa kushoto karatasi moja, upande wa kulia karatasi nyingine, changanya zote mezani, mwenzio ajaribu kusema kushoto huku kunakwenda na kulia gani. Hawezi! Sisi tulishindwa hata michoro yetu wenyewe. Ndio sababu kamera za msituni zinafungwa mbili mbili, moja huku moja kule zinatazamana na njia iko katikati, akipita anapigwa picha mbavu zote mbili kwa pamoja na hapo anakuwa na faili lake.

Kulikuwa na jike mmoja Ranthambore maarufu sana anaitwa Machali, maana yake samaki kwa Kihindi, kwa sababu alama za shavuni kwake zilikaa kama samaki. Huyo mama alipigana na mamba na akashinda, amekufa 2016 akiwa mzee ana miaka karibu 20, umri ambao porini ni nadra mno.

Kwa njia hiyo ya kamera India walitoa makadirio ya 2022 wakapata 3,682, na hiyo ni kama theluthi mbili mpaka robo tatu ya chui milia wote wa porini duniani. Yaani ukiwakusanya wote wa dunia hawajazi hata jukwaa moja la uwanja wa Mkapa. Mwaka 2010 hali ilikuwa mbaya zaidi, walikuwa kama 3,200 tu dunia nzima. Wa Bali, wa Java na wa bahari ya Kaspi wameshaisha kabisa.

Rangi. Hili swali kaniuliza mpwa wangu na nililipenda: mnyama anayewinda kwa kujificha anavaaje rangi ya chungwa kama kizibao cha bodaboda? Jibu liko kwenye macho ya anayewindwa. Swala na jamaa zake hawaoni rangi kama sisi, chungwa na kijani kwao ni kama kitu kimoja, kwa hiyo chui milia akilala kwenye nyasi wao wanaona nyasi. Ukitaka kupata picha kidogo tandika kitambaa cha rangi ya chungwa kwenye majani, chukua simu weka mtindo wa blakenwaiti, piga. Sio hivyo hivyo swala anavyoona lakini utaona kitambaa kinavyonywea, na ukikichora milia myeusi ya kusimama kama vivuli vya nyasi ndio kinapotea zaidi.

Kuwinda kwenyewe, hana mbio ndefu kama duma. Ananyatia mpaka karibu kabisa alafu anaruka, na mara nyingi sana anakosa, anakosa kuliko anavyopata, halali njaa siku moja tu huyu. Akipata mnyama mkubwa anaweza kula kilo 30 na zaidi kwa mkao mmoja, alafu anarudi tena kesho yake mpaka mifupa. Jaribu kumnyatia paka wako akiwa amekupa mgongo, uone utafika hatua ngapi kabla sikio lake halijageuka. Mpwa wangu rekodi yake ni nne.

Na kwa sababu anapenda kutokea nyuma, kule Sundarban, msitu mkubwa wa mikoko ulioko kati ya India na Bangladesh (mikoko ile ile mnayoiona Rufiji, na chui milia wa huko anaogelea kwenye maji ya chumvi kama anatembea uani), miaka ya 1980 wavuna asali na wakata kuni walipewa vinyago vya uso wa mtu wavae kisogoni. Chui milia akija nyuma anakuta macho yanamtazama, anaghairi. Ilisaidia kwa muda. Tengeneza kinyago cha boksi uvae kisogoni uingie nacho sebuleni, paka wetu alisimama akashangaa kweli, ila bibi alishtuka zaidi.

Kitu kimoja cha kufanya kimya kimya bila vifaa ni kusikiliza. Ranthambore waongozaji wanazima gari wanatega masikio, kwa sababu chui milia humwoni ila majirani zake wanamsema. Languri, yule tumbili wa uso mweusi na mkia mrefu, akimwona kutoka juu ya mti anakohoa kwa ukali, chitali ambaye ni swala wa madoa wa huko anapiga mlio mkali wa ghafla, na sambari, jamaa yake chitali, yeye ni mkubwa na hapigi kelele ovyo, akilia sambari dereva anawasha gari maana huyo hasingizii. Kwetu Dar hiyo shule ipo bure, kunguru wakianza kupiga kelele wengi juu ya mwembe nenda katazame chini, kuna paka au nyoka. Tena kunguru wenyewe hao wa Dar asili yao ni India, waliletwa Zanzibar enzi za mkoloni huko mwishoni mwa miaka ya 1800, kwa hiyo mababu zao huenda walishawahi kumsema chui milia mwenyewe.

Mkikutana na picha ya chui milia mweupe mtandaoni msidanganywe kwamba ni aina nyingine. Ni wale wale wa Bengal, wana hitilafu ya rangi tu, na karibu wote mnaowaona kwenye mabustani ya wanyama ni ukoo wa dume mmoja aliyekamatwa India 1951 akaitwa Mohan, wakazalishwa ndugu kwa ndugu mpaka wengi wakawa na makengeza na matatizo mengine. Mimi binafsi siwapendi kuwaona, nawaonea huruma.

Sasa ule mchele. Chui milia anaweka mipaka yake kwa kunyunyiza mkojo kwenye miti, anageuka anainua mkia anapuliza nyuma, fyuu, ili mwingine akipita anuse ajue hapa kuna mwenyewe. Wanasayansi wa India walipochunguza ile harufu wakakuta kemikali ile ile inayofanya mchele wa basmati unukie, wale wa Kenya mnaojua pishori ni harufu hiyo hiyo. Kwa hiyo omba mama au bibi apike basmati siku hiyo, funga macho, funua sufuria taratibu uvute pumzi kidogo, na hapo ndio utakuwa umesimama karibu na chui milia kuliko mtu yeyote mtaani kwenu.

Jumapili hiyo tulipofunua sufuria mpwa wangu akavuta pumzi akasema kwa sauti, "Bibi, humu kuna mkojo wa chui." Bibi akashusha mwiko akaniangalia mimi, sio yeye. Mtoto akajirekebisha haraka haraka, "Chui milia, bibi. Chui ana madoa."