Kabla Hujanunua Dampa: Ninavyokagua Miguu ya Cessna

Mwaka jana mwenye ndege mmoja alinijia hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na Cessna 172N yake, mkononi ameshika dampa mpya, kile kifaa cha kuzuia gurudumu la pua lisitetemeke, ingali ndani ya boksi. "Fundi, nifungie hii leo leo. Nikitua, pua inatetemeka mpaka miwani inanidondoka." Ilikuwa dampa ya pili katika miezi minane. Ile ya kwanza alifungiwa kwingine, mtetemeko ukatulia wiki tatu, kisha ukarudi na ziada. Nikamwomba airudishe boksi garini, aende akanywe chai. Tukaiinamisha ndege kwa nyuma hadi gurudumu la pua likaning'inia, nikamwambia kijana anayejifunza kwangu ashike mkasi, yaani zile pande mbili za chuma zinazokunjana kama goti mbele ya shoki, autikise kushoto na kulia. Ukacheza kama jino bovu. Bushi zilikuwa zimelika na boliti imechimbika mfereji. Tukabadilisha bushi, boliti na washa za kujazia nafasi; dampa ya zamani tuliiongeza mafuta tu. Haijatetemeka tena, na ile mpya nasikia ameiuza.

Ninaandika haya kwa sababu hiyo. Kwenye miguu ya ndege ndogo, kinachopiga kelele mara nyingi sicho kilichoharibika, na anayekagua bila mpangilio huishia kununua vipuri kwa kubahatisha. Mfano wangu ni Cessna 172 na 206, maana ndizo ninazozishika kila siku zikitoka Mara, Amboseli na Lamu. Ndege yako ikiwa nyingine, kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye neno la mwisho. Na kama hapa Kenya huna leseni ya uinjinia wa ndege, yatumie haya kuangalia na kuuliza maswali. Kazi yenyewe isimamiwe na kusainiwa na mwenye leseni. Marekani sheria inamruhusu rubani mwenye ndege yake kubadilisha tairi, kupaka beringi grisi na kuongeza mafuta au hewa kwenye shoki, kwa hiyo msomaji wa huko ana nafasi pana kidogo.

Anza na maji. Udongo mweusi wa Mara ukikaukia ndani ya vifuniko vya magurudumu huwa kama saruji, na nyufa hazionekani chini ya saruji. Tumia brashi na sabuni. Mashine ya maji ya nguvu iache kwa waosha magari. Inasukuma maji ndani ya beringi, nawe utaondoka ukidhani umesafisha. Ndege za viwanja vya changarawe mimi huwashauri wenyewe wavue kabisa vile vifuniko. Kasi kidogo utakayopoteza haifiki thamani ya tope utakalobeba.

Ikishakauka, chukua tochi na kioo kidogo cha mkono ulale chini. Mguu mkuu wa 206 ni bapa la chuma cha springi, wa 172N ni bomba la chuma cha springi. Lile bapa lina siri upande wa chini: kiwandani uso wake umepigwa vijigololi vidogo vya chuma ili ugandamane na usichoke haraka. Mkwaruzo au kutu ikiutoboa uso huo, ufa hupata mahali pa kuanzia. Kwa hiyo angalia chini ya vibanio vya bomba la breki, chini ya kikanyagio cha abiria, na kila mahali rangi imefura. Ndege inayolala Manda, Lamu, hewa ya chumvi huingia chini ya rangi polepole huku juu pakiendelea kung'aa. Kutu ya juujuu huondolewa kwa msasa laini, ukisugua kwa urefu wa mguu, si kwa kuukata, kisha rangi ya msingi ipakwe siku hiyo hiyo. Shimo likizidi kipimo cha kitabu, mguu unatoka. Ufa wowote, mguu unatoka. Usikubali mtu akuambie atauchomelea; moto huua ule ugumu wa springi na mguu utakatika mahali pengine.

Panda na macho hadi mguu unapoingia kwenye mwili wa ndege. Ribiti iliyolegea hujitaja yenyewe kwa kutoa masizi meusi kama mkia. Nenda mbele uangalie sehemu ya chini ya ukuta unaotenga injini na chumba cha rubani, kwa sababu mguu wa pua umeshikiliwa hapo. Rubani akitua kwa pua, ndege ikadunda mara mbili tatu, ukuta huo hukunjamana kama karatasi. Rubani mwenyewe anaweza asikuambie. Mikunjo itakuambia.

Sasa tairi. Kwa 172N yenye tairi za kawaida, gurudumu la pua ni 31 psi (pauni kwa inchi ya mraba) na magurudumu makuu 29. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Angalia nyuzi zilizojitokeza, mpira uliopasuka ubavuni, na bapa moja lililosagika, ambalo ni alama ya rubani aliyegusa chini huku amekanyaga breki. Miiba ya mgunga tafuta kwa vidole, maana huvunjikia ndani. Kisha kuna fisi. Wageni hucheka nikisema, lakini ndege ikilala porini fisi hutafuna tairi, na marubani wa Mara huzungushia magurudumu matawi ya miiba jioni kama boma la mbuzi. Nikiona alama za meno, hata ndogo, tairi hilo halirudi angani.

Chora pia mstari mwekundu wa rangi kutoka kwenye rimu hadi kwenye tairi. Siku mistari miwili haikutani, tairi limeteleza juu ya rimu na linaivuta tyubu kwa shina la vali. Kazi ya sekunde kumi hiyo, na sijui kwa nini wengi hawaifanyi.

Kuinua gurudumu moja kwa jeki ndipo wanafunzi hunitisha. Usiweke jeki chini ya breki. Kile chuma kimemiminwa kwenye kalibu, hakikuumbwa kubeba ndege. Tumia kishikizo cha jeki kinachofungwa kwenye mguu, na ujue jambo hili: mguu ni springi, hivyo ukiuinua gurudumu huteleza kuelekea ndani na jeki huanza kulala upande. Ikilala, ishushe, ipange upya, inua tena. Usiinue magurudumu yote mawili makuu pamoja kwa vishikizo hivyo. Weka kabari kwenye matairi mengine, na asiwepo mtu ndani ya ndege.

Kabla ya kugusa boliti zinazounganisha nusu mbili za rimu, toa hewa yote. Fungua kabisa ule moyo wa vali, sikiliza hadi kimya, kisha chomeka waya uhakikishe. Katika hanga nililoanzia kazi jamaa mmoja alifungua boliti akidhani tairi limeshatoka hewa. Nusu ya rimu ilimpata usoni, akapoteza meno mawili na akasema ana bahati. Nami nilikubaliana naye.

Rimu ikishafunguka, safisha na uangalie kwa lenzi kuzunguka matundu ya boliti na kwenye pembe unapokaa mdomo wa tairi. Ukitilia shaka, tumia ile rangi nyekundu ya kupenyeza nyufa. Ukifunga, paka tyubu poda, linganisha nukta nyekundu ya tairi na alama ya njano ya tyubu (kama haina alama, linganisha na vali), jaza hewa hadi midomo ya tairi ikae, toa yote, kisha jaza tena. Ukiruka hatua hiyo ya kutoa na kujaza, tyubu itabaki na mkunjo, na mkunjo hukatika. Boliti kaza kwa kupishana, kwa spana ya toki inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye rimu yenyewe. Bunduki ya upepo ni ya gereji za malori.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa matatu Mombasa. Alinifundisha kusikiliza beringi kwa vidole: ioshe, ikauke, iweke kiganjani, izungushe taratibu huku umefumba macho. Chembe moja utaihisi. Usiizungushe kwa upepo wa kompresa ili ilie kama filimbi. Ikikosa grisi kwa mwendo ule inajila yenyewe. Rangi ya bluu maana yake iliungua. Vishimo kwenye kikombe, yaani pete ambamo beringi hukaa, maana yake kikombe na beringi vyote vinatoka, hubadilishi kimoja. Grisi usichanganye aina mbili. Kama hujui iliyomo, osha yote uanze upya. Ukirudisha gurudumu, kaza nati ya ekseli huku unalizungusha hadi uhisi linakuwa zito kidogo, legeza hadi tundu la kwanza la pini, weka pini mpya. Pini ya zamani ni ya kutupa, hata kama inapendeza.

Lakini kuna jambo moja la baba ambalo ilibidi nilisahau, nalo ni mafuta ya breki. Ya gari huharibu mipira ya breki ya Cessna. Ndege hizi hutumia mafuta mekundu ya MIL-H-5606, kwenye breki na kwenye shoki ya pua vilevile. Nimewahi kufungua breki ya ndege iliyojazwa chupa ya dukani huko porini. Oringi, zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje, zilikuwa zimevimba na kulainika kama maandazi yaliyosahauliwa kwenye chai. Ilibidi tubadilishe kila mpira, kuanzia kwenye pedali hadi kwenye gurudumu.

Pedi za breki aina ya Cleveland hutoka zikifikia unene wa inchi 0.100, milimita mbili na nusu hivi. Zimeshikwa kwa ribiti, hivyo toboa za zamani kwa uangalifu usipanue tundu, funga mpya kwa kifaa chake, kisha hakikisha pedi haichezi na vichwa vya ribiti vimezama chini ya uso wake. Diski pima unene na uangalie kutu. Baada ya hapo breki lazima izoeshwe, na hapa ndipo watu huwa na haraka. Kwa pedi za kawaida zisizo za chuma, endesha ndege ardhini umbali wa futi 1,500, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika, ukikanyaga breki kiasi cha kubaki kwenye maili 5 hadi 10 kwa saa. Acha zipoe dakika 10 hadi 15, kisha jaribu kama zinaishika ndege injini ikiunguruma kwa nguvu. Pedi za chuma zina utaratibu mwingine, usome kwenye karatasi yake.

Tumerudi puani. Ile kromu inayong'aa ya shoki ifute kila siku kwa kitambaa safi chenye mafuta mekundu. Vumbi la changarawe likikaukia hapo, kila kutua ni msasa kwenye oringi. Mafuta yakivuja, toa hewa yote ya shoki kwanza, kwa sababu shoki yenye hewa ikifunguliwa hutoka kama risasi. Oringi ziwe za namba iliyo kwenye kitabu cha vipuri, ndani ya pakiti yenye tarehe. Kromu ikiwa imekwaruzika, oringi mpya haitadumu mwezi. Kujaza: kandamiza shoki hadi mwisho, jaza mafuta hadi kwenye tundu la vali, nyoosha na kandamiza tena ili hewa itoke, ongeza, funga vali. Halafu hewa, 45 psi kwa 172N, gurudumu likiwa halijagusa chini. Wengi hupuliza ndege ikiwa imesimama, wakiongeza hadi pua "ikae vizuri" machoni. Hicho si kipimo.

Kuhusu kununua. Maduka ya vipuri vya magari ya Kirinyaga Road yanaweza kuwa na beringi yenye namba ileile kabisa na iliyo ndani ya rimu yako, kwa bei ya kuvutia. Mimi siifungi. Ninataka kipuri kije na karatasi yake, yaani hati ya kuthibitisha kuwa ni halali, Fomu 1 ya EASA (mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya) au 8130-3 ya Marekani, namba ya kipuri na ya karatasi zikilingana, na nakala ikae kwenye faili la ndege. Mwenye ndege akinung'unika, namwonyesha saini yangu chini ya ukurasa na kumuuliza kama angependa kusaini yeye.

Tairi na tyubu vikiwa vipya, usiikabidhi ndege jioni hiyo hiyo. Mpira mpya hutanuka usiku. Ile 172N ya mwanzo, ilipofungwa tairi mpya, tuliiacha magurudumu makuu yakiwa na 29 psi. Kesho yake saa moja asubuhi geji ilisoma 26. Tukaongeza, kijana akaandika kitabuni, mimi nikasaini, rubani akaenda zake Mara na panga la kukatia miiba chini ya kiti.