Namna ya kumsaka bondia mzito hapa Uganda (na kwa nini utafute watatu)

Kila Oleksandr Usyk, yule bondia mzito wa Ukraine, akipigana watu wanaanza lile swali, sisi wa kwetu yuko wapi? Ngumi Uganda tunazo, hiyo hakuna wa kubisha. John Mugabi alichukua fedha ya Olimpiki Moscow 1980 na 1986 akapigana na bingwa wa Marekani Marvin Hagler kule Las Vegas, Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia 1979, Boza-Edwards 1981, Kassim Ouma 2004. Lakini cheki vizuri hiyo mikanda, yote ni ya kilo 70 kushuka chini. Mzito wa kumtaja kwa heshima ni Benson Masanda, dhahabu ya Jumuiya ya Madola Edinburgh 1970, na hapo ushahesabu miaka zaidi ya 50. (Idi Amin naye usiniletee, yule alikuwa laiti hevi, uzito wa chini ya hevi.)

Kwa hiyo kama wewe ni kocha, au una kajim kako hapo mtaani, au uko tu na binamu mkubwa anayemaliza sufuria ya posho (ugali) peke yake, hii ndo njia ninayoiona mimi.

Kwanza ujue unatafuta nini. Kwa ridhaa siku hizi uzito wa juu kabisa unaanzia kilo 90 au 92 kwenda juu, inategemea shirikisho, kwa profeshono ni kuvuka pauni 200, yaani kama kilo 90.7. Ukipata kijana wa miaka 17 ana kilo 85 na viatu vyake havitoshi kila baada ya miezi michache, huyo bado anakua, mshike.

Sasa kosa la wengi ni kwenda kumtafuta kwa jim ya ngumi. Ingia mitaa ya Kampala kama Katanga na Naguru, utakuta vijana wakali kweli lakini wengi ni kilo 48, 57, 63, mtoto anaanza na miaka tisa amekonda na anabaki mwembamba. Mtoto mkubwa mkubwa haji huko kwa sababu shule zimeshamuona zamani, zimempa basari ya basketi au raga. Basi nenda huko huko. Kaa pembeni Kyadondo siku ya mazoezi ya raga uangalie wale wa mbele ambao hawapangwi timu ya kwanza, nenda Lugogo kwa basketi umtafute yule mrefu anayetolewa kila mechi kwa faulo tano, huyo anapenda kugusana na wenzake wanamuona mzigo. Nenda Kalerwe alfajiri malori ya matoke yakishushwa. Jeshi, polisi na magereza pia wana vijana wakubwa na mshahara wa kila mwezi, hiyo ya mshahara usiidharau, nitairudia.

Umri usikutishe sana. Mwepesi asipoanza mtoto ameshachelewa ila mzito ni mambo mengine, Anthony Joshua aliingia jim na miaka 18 na 2012 akawa na dhahabu ya Olimpiki, Deontay Wilder alianza akiwa na 20 hivi akapata shaba Beijing 2008, Fabio Wardley naye alianza ukubwani kwa mapambano ya watu wa ofisini na Oktoba 2025 akamsimamisha bingwa wa zamani Joseph Parker. Kwa hiyo kijana wa 20, 21, bado una muda naye. Akifika 27 hajawahi kuvaa glavu mwambie ukweli tu.

Ukishampata usimpeleke kwa begi siku ya kwanza, tafadhali. Kila mtu wa kilo 100 akipiga begi linalia, mnashangilia, mnarekodi video, na hamjajua kitu. Mpe kamba. Raundi tatu za dakika tatu tatu, na wewe angalia chini tu, anatua kwa vidole au kwa kisigino, akichoka miguu inapishana au bado inajua inakoenda. Halafu mwambie atembee ulingoni kushoto kulia bila kuvuka miguu. Usyk ana kimo cha sentimita 191, Tyson Fury wa Uingereza ana 206, na Mei 2024 huyo mfupi alishinda kwa miguu, alikuwa anatoka pembeni kila Fury akitaka kumpima. Kimo na mikono pia pima, lakini visikuchanganye akili, Mike Tyson alikuwa na kimo cha sentimita 178 tu akawa bingwa na miaka 20.

Na kanyama (baunsa) wa baa achana naye. Kifua kimevimba, shingo haigeuki, dakika ya pili anapumua kwa mdomo.

Jaribio langu kubwa liko hapa. Chukua kijana wa kilo 63 mwenye uzoefu, mwambie amguse yule mkubwa usoni kwa jebu (ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele) nyepesi, nyepesi kweli, raundi moja. Wakubwa wengi hawajawahi kupigwa na mtu maisha yao yote, tangu shule wanaogopwa, kwa hiyo hapo utaona kitu kipya. Mmoja atafunga macho, mwingine atapandwa hasira arushe ngumi kama anafukuza nyuki, mwingine atacheka aibu halafu kesho haonekani. Wewe unamtafuta yule ambaye baada ya raundi anakuja kuuliza, kocha, ananipataje huyu? Huyo hata kama ana tumbo, mchukue.

Sasa tufike kwenye kichwa cha habari, watatu. Ukiwa na mzito mmoja huna mzito. Nani atasparingi naye, yaani kupigana naye mazoezini? Utampa wale wa kilo 69, na yeye kwa huruma atapunguza nguvu, au kwa uvivu atawalalia na kuwasukuma kwa kamba, atazoea kuacha mikono chini kwa sababu ngumi zao hazimuumi. Anaenda mashindano ya taifa, uzito wake hauna watu, anapata wokova (ushindi wa bure), anarudi na medali hajapigana hata raundi moja, banange! Siku ya kwanza kupigwa na mtu wa kilo 105 anayejua kazi itakuwa nchi ya watu, kwa televisheni. Ndo maana nasema usitafute nyota, tafuta kikundi. Hata hao wawili wengine wasipokuwa na kipaji kikubwa, wakiwa na uzito na wanakuja mazoezi inatosha. Klabu zikubaliane Jumamosi moja ya wazito tu, kila kocha alete wake, glavu za aunsi 16, kofia za kinga, kinga ya meno kila mtu yake. Na wakikosekana kabisa vuka Busia, Wakenya wana wakubwa kwenye timu yao ya polisi, Elly Ajowi wao alifika Olimpiki ya Tokyo kwa uzito wa hevi, na Kiswahili unacho, huhitaji mkalimani.

Chakula ndo kinaua mipango mingi kimya kimya. Mtu wa kilo 105 anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku hali kama wenzake, anahitaji mayai, maharage, mukene (dagaa), karanga, na posho juu yake, kila siku. Hapa ndo ule mshahara wa jeshi au polisi unaokoa, kama hana basi tafuta watu watano wa kuchangia kabla hujamtoa kwa kazi yake ya kubeba mizigo. Ila kwa sababu uzito wake hauna kikomo usimwachie akalewa sifa na kunenepa ovyo, Andy Ruiz alimpiga Joshua Juni 2019, Desemba akarudi na pauni 283 akapoteza mikanda yote.

Vipimo: macho, moyo, hepataitisi B, ukimwi, na kichwa ukipata hela ya skani. Akiangushwa vibaya hakuna sparingi mwezi mzima angalau, hata akisema yuko fiti.

Halafu simu itaanza kuita. Wazito ni wachache duniani, kwa hiyo mapromota wa nje wanatafuta mwili wa kujaza kadi. Angalia jirani yetu Martin Bakole wa Kongo, Agosti 2024 alimsimamisha Jared Anderson raundi ya tano Los Angeles, dunia nzima ikamjua, Februari 2025 akaitwa siku mbili kabla akapigane na Parker Riyadh, akapanda ulingoni na zaidi ya pauni 300, raundi ya pili mambo yakaisha. Na yule alikuwa mtu mwenye jina, wako wa mapambano manne je? Andikeni kwa mkataba: taarifa ya wiki sita kwenda juu, nusu ya pesa kabla ya ndege, kocha wake asafiri naye, wakili asome kila ukurasa kabla ya sahihi. Pasipoti akae nayo mwenyewe, sio promota, na sio wewe kocha pia.