Somo: Kuwasha injini ya kichwa cha treni kilichosimama muda mrefu

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi hadi nimechoka, kwa hiyo naliandika mara moja, na atakayeuliza tena ataelekezwa hapa. Nazungumzia injini kubwa za mapigo manne (kila silinda humaliza zamu yake kwa mizunguko miwili ya krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni), kama ile ya kichwa cha dizeli aina ya U30C.

1. Weka kabari kwenye magurudumu, kaza breki ya mkono, zima swichi ya betri.

2. Mwaga dizeli ya zamani na ubadilishe filta.

3. Kagua oili, ikiwa na rangi ya maziwa, tafuta kwanza maji yanakotoka.

4. Fungua koki za majaribio (vali ndogo za kutolea kilichomo ndani ya silinda) za silinda zote, kisha zungusha krenki kwa mkono mizunguko 2 kamili. Hapa ndipo nilipoharibu. Asubuhi moja ya Julai, treni ya mizigo ikitusubiri, nilijiambia kwamba injini ilikwisha kuzungushwa juma lililotangulia, nikabonyeza kitufe. Iligonga mara moja ikasimama. Maji yalikuwa yamepenya kwenye gasketi ya silinda hedi yakajaa juu ya pistoni, na kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, kilichopinda ni konekting rodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki. Mzunguko mmoja hautoshi, kwa sababu nusu ya silinda zitakuwa zimepanda huku vali za moshi zikiwa wazi, na maji yatakimbilia kwenye bomba la moshi bila wewe kuyaona. Koki ikitema maji au dizeli, simamisha kazi. Krenki ikigoma, usiongeze urefu wa mtaimbo. Ukimaliza, ondoa kifaa cha kuzungushia kabla mtu yeyote hajagusa betri.

5. Pampu oili mpaka ifike juu kwenye vali.

6. Funga koki, washa, na usiipe mzigo kabla maji hayajapata moto.

Swali: Mkuu, si naweza kuizungusha kwa betri, koki zikiwa wazi?

Jibu: Hatua ya 4 inasema kwa mkono. Mkono huhisi uzito, betri haihisi.

Swali: Yangu imegonga ikasimama. Nijaribu tena?

Jibu: Usijaribu.

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi, Iringa. Kwa nini kichwa kinachotoka Dar es Salaam bila moshi huanza kutoa moshi mweusi kikikaribia Uyole?

Jibu: Marahaba, mwanangu; umeuliza vizuri. Uyole ndipo juu kabisa katika reli ya TAZARA, takriban mita 1,789 kutoka usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pwani. Tabo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini, hufidia upungufu huo, lakini filta ya hewa ikiziba au mpira wa hewa ukivuja, dizeli huizidi hewa. Anza na hivyo kabla ya kufungua nozeli zinazonyunyiza dizeli, ambazo wengi huzisingizia. Moshi wa buluu ni oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto unakurudisha hatua ya 4.

Nyongeza kutoka Makambako: Kwa baridi ya huku, sisi huchaji betri usiku kucha.

Jibu: Ni kweli, ndugu yangu, na namba za silinda ziandikwe kwa chaki kando ya kila koki, ili anayetazama ataje iliyotema bila kubahatisha.