Wito wa misheni kwa njia ya mtandao: jinsi ya kuupokea bila kukwama

Hadi mwaka 2018, kijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho aliyeomba kwenda misheni, yaani kutumwa kuhubiri kwa muda, alikuwa akisubiri bahasha kubwa nyeupe kutoka makao makuu Salt Lake City, Utah, Marekani. Ndani yake kulikuwa na wito, barua ya kumwambia atatumwa wapi. Huku kwetu ambako barua haziletwi mlangoni, bahasha hiyo ilipitia sanduku la posta la kanisa au la ofisi ya ndugu fulani, na ufunguo wake alikuwa nao mtu mmoja tu. Novemba 2018 Kanisa lilianza kutoa wito kwa mtandao, likianzia Utah na Idaho kabla ya kwenda kwingine. Siku hizi wito ukiwa tayari unapata SMS na barua pepe, kisha unaingia kwenye tovuti ya wamisionari na kuusoma.

Posta imeondoka njiani, lakini kukwama bado kupo. Sasa chanzo ni laini ya simu iliyofungwa, barua pepe iliyojaa, neno la siri lililosahaulika, au jina lisilofanana kwenye hati mbili. Yote hayo hurekebishwa kabla ya maombi kutumwa. Yakigunduliwa baadaye yanakula wiki nzima.

Anza na Akaunti ya Kanisa. Ili kuifungua unahitaji tarehe ya kuzaliwa na namba ya kumbukumbu ya uanachama. Namba hiyo ina nafasi 11, na ya mwisho inaweza kuwa herufi A badala ya tarakimu. Muombe karani wa kata au tawi (kusanyiko lenu la kanisa; tawi ni dogo kuliko kata) akuchapie ukurasa wa kumbukumbu yako, kwa sababu ukiandikiwa kwa mkono 1 na 7 huchanganywa kwa urahisi. Ukiambiwa kwamba taarifa hazilingani, usijaribu kubahatisha. Kagua kwanza tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kumbukumbu. Wapo waliobatizwa wakiwa watoto na tarehe zao zikaandikwa kwa kukadiria, na karani ndiye anayeweza kusahihisha akiona cheti cha kuzaliwa.

Akaunti ikishafunguka, weka barua pepe yako mwenyewe na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. Wengi huteleza hapa. Barua pepe iliyofunguliwa na fundi wa duka la simu hubaki na neno la siri asilolijua mwenye nayo. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha kaka inaweza kumponyoka mtumiaji siku kaka atakapobadilisha mambo yake, na laini isiyotumika muda mrefu kampuni huifunga na kumpa mteja mwingine. Andika namba kwa mfumo wa kimataifa na uache sifuri ya mwanzo: +255 kwa Tanzania, +254 kwa Kenya, +256 kwa Uganda, +243 kwa Kongo ya Kinshasa, +257 kwa Burundi, +250 kwa Rwanda.

Angalia pia nafasi kwenye Gmail. GB 15 za bure zinagawanywa kati ya barua, picha na mafaili, kwa hiyo simu inayohifadhi video zote huko inaweza kuzimaliza. Zikiisha, barua mpya hazipokelewi kabisa, na hutazikuta hata kwenye folda ya taka.

Halafu jina. Kumbukumbu ya uanachama, fomu ya maombi na pasipoti vinapaswa kusomeka sawasawa, kwa herufi zilezile na majina yaleyale. Kijana anayeitwa Yohana kanisani na John kwenye cheti cha kuzaliwa, au aliyebatizwa kwa majina mawili huku kitambulisho kina matatu, atasumbuka wakati wa viza. Hati ya serikali ndiyo ya kufuatwa, na kumbukumbu ya kanisa irekebishwe ifanane nayo. Pasipoti ni vyema kuianza mapema. Kenya maombi yake hupitia eCitizen, na Tanzania hupitia mtandao wa Uhamiaji, ambako utaulizwa namba ya NIDA. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi 6 ya uhai.

Maombi yenyewe huanza kwa askofu, yaani kiongozi wa kata, au rais wa tawi. Baada ya mazungumzo naye, anayafungua kwenye mfumo, nawe unajaza sehemu yako: taarifa binafsi, afya, meno, picha. Fomu za daktari na za meno ndizo zinazorudishwa sana, na kosa mara nyingi ni picha mbaya ya karatasi. Iweke kwenye meza karibu na dirisha, simu iwe juu yake wima, kivuli cha mkono kisiingie, na pembe zote nne zionekane. Kabla hujaondoka hospitalini hakikisha kila swali limejibiwa. Pengo moja tu linaweza kukurudisha foleni. Chanjo ya homa ya manjano ichome mapema, kwa kuwa cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hivyo aliyechanjwa zamani na bado ana kadi yake hana haja ya kurudia.

Askofu akimaliza, rais wa kigingi (kundi la kata kadhaa) au wa misheni naye anazungumza nawe kisha anayatuma. Kuanzia hapo usibadilishe namba ya simu wala barua pepe bila kumwambia askofu. Ukitaka kujua maombi yamefika wapi, muulize yeye. Kuwapigia simu watu wa makao makuu hakuharakishi chochote.

Wito hutolewa mara nyingi Jumanne, kwa saa za Utah. Saa sita mchana ya huko ni saa tatu usiku Nairobi na Dar es Salaam kuanzia Machi hadi Novemba, na saa nne usiku miezi inayobaki, kwa sababu Wamarekani hurudisha saa nyuma. Lubumbashi, Bujumbura na Kigali toa saa moja. Muscat na Dubai ongeza moja. Kwa hiyo Jumanne jioni ikipita kimya, angalia tena Jumatano asubuhi kabla ya kukata tamaa.

Ujumbe hauna jina la misheni. Lazima uingie kwenye tovuti. Andika mwenyewe anwani uliyozoea kuingilia, usibonyeze kiungo kilichotumwa na namba usiyoijua. Usifungue kwenye kompyuta ya saiberi, maana barua hupakuliwa kama faili la PDF na hubaki pale kwa atakayekuja baada yako.

Familia zinapenda kukusanyika kusikiliza, na ni jambo zuri, ila bando ndilo huharibu shughuli. Tumia simu mbili: moja ya barua peke yake, nyingine ya kupiga WhatsApp kwa shangazi aliye Mombasa au Toronto. Usiwaoneshe skrini yako, kwa sababu arifa na taarifa zako zitaonekana. Soma kwa sauti. Mtandao ukiwa dhaifu zima video. Mahali ambapo jengo la kanisa lina Wi-Fi, omba mukutane huko. Kama nyumbani hakuna mtandao kabisa, pakua barua mapema, ihifadhi, na usiisome mpaka wote wafike. Wenye subira huweza.

Ukishaisoma, bado kazi haijaisha. Rudi kwenye ukurasa uleule ukubali wito. Wako wanaosahau hatua hii kwa furaha, na maandalizi ya safari hukaa yakisubiri. Chini yake utakuta tarehe ya kuanza mafunzo, orodha ya nguo, maelekezo ya viza na chanjo za nchi unayokwenda. Pakua kila faili, chapisha nakala moja, mpe mama aitunze.

Picha ya barua usiipandishe kwenye makundi wala Facebook. Taja misheni na mwezi, inatosha. Barua ina jina lako kamili na tarehe, na matapeli hutumia hizo kupiga simu wakidai ada ya viza kwa M-Pesa. Malipo yoyote ya misheni hupangwa pamoja na askofu au rais wa tawi. Anayekuambia utume pesa leo la sivyo nafasi inapotea, kata simu, kisha mjulishe kiongozi wako namba aliyotumia.

Ukikuta kosa kwenye barua, kama herufi ya jina au tarehe inayogongana na mtihani, usikatae wito wala usiandike barua ndefu. Mpigie askofu siku hiyohiyo, yeye na rais wa kigingi wana njia ya kuomba marekebisho, na kabla tiketi haijakatwa ni rahisi zaidi.